Zima, Washa Tena: Historia ya Saa Zilizotudanganya

Kila Mkenya ni fundi. Waifai ikigoma, zima uwashe. Dekoda ikikuletea skrini nyeusi dakika ya 89 ya mechi, zima uwashe. Simu ikinata, zima uwashe. Ingia saiba yoyote, kutoka Kisumu hadi Likoni, umwambie jamaa kompyuta imeganda. Hatakuuliza swali. Kidole chake kishafika kwenye swichi.

Na shida ni kwamba mara nyingi inafanya kazi.

Leo nataka tuiongelee hiyo zima-uwashe kama historia, maana iko na historia kubwa kuliko watu wanavyodhani. Siongelei simu yako. Naongelea mashine ambazo haziruhusiwi kuchelewa: kompyuta inayoshusha chombo mwezini, rada inayosubiri kombora, mashine ya kumpiga mgonjwa wa saratani mionzi. Msimamo wangu nauweka mbele kabisa ndio tusizungushane: zima-uwashe imeokoa watu, na kukosa kuzima na kuwasha kumeua watu, lakini katika kila kisa kilichoamua mambo ni kama kuna mtu aliuliza "kwani iliganda kwa nini?" na kama kuna mtu alimsikiza.

Kwanza tuelewane maneno

Ndani ya kila kompyuta kuna programu moja inayotawala zingine. Hiyo inaitwa mfumo endeshi, na moyo wake unaitwa kiini. Prosesa ni moja, ama ni chache, lakini kazi za kufanywa ni nyingi. Kiini ndicho kinachoamua nani anaingia, nani anatoka, nani anangoja. Kila kazi inayokimbia kivyake ndani ya programu tuiite uzi. Nyuzi zikiwa nyingi zinagombania vitu: kumbukumbu, waya wa mawasiliano, skrini.

Mimi chuo niliachia njiani, lakini kuna mhadhiri mmoja alitueleza jambo hili vizuri hadi halijawahi kunitoka kichwani. Alisema fikiria choo cha hosteli. Ufunguo ni mmoja, wanafunzi ni 40. Mwenye ufunguo anaingia, wengine wanapanga laini. Akitoka anaurudisha ukutani, anayefuata anauchukua. Ufunguo huo ndio semafo. Wazo lenyewe lilitoka kwa Mholanzi, Edsger Dijkstra, miaka ya 1960, na mpaka leo simu iliyo mkononi mwako inatumia watoto na wajukuu wa wazo hilo.

Sasa kuna aina ya mfumo endeshi unaoitwa wa muda halisi. Watu hudhani maana yake ni wenye kasi. Hapana. Maana yake ni kwamba jibu lazima lije ndani ya muda uliowekwa. Jibu sahihi likichelewa linahesabiwa kuwa jibu baya. Breki za gari zikikujibu kwa usahihi kabisa sekunde mbili baada ya kugonga ukuta, zimekusaidia nini?

Kwa hivyo mfumo wa aina hii una kazi mbili ngumu: kupanga laini ya nani anangoja nani, na kujua ni saa ngapi. Historia yote ninayokuletea hapa chini ni ya mashine zilizoshindwa na moja ya hizo mbili.

1969: kuzima na kuwasha kulikopangwa

Tarehe 20 Julai 1969, Neil Armstrong na Buzz Aldrin wanashuka mwezini. Huku Nairobi ilikuwa inakaribia saa tano na robo usiku. Kompyuta ya chombo chao ilikuwa na maneno 2,048 tu ya kumbukumbu ya kuandika na kufuta. Ghafla inatoa onyo namba 1202. Haipiti dakika moja, 1202 tena. Halafu 1201.

Maana yake ilikuwa: nimelemewa, kazi ni nyingi kuliko nafasi niliyo nayo.

Chanzo kilikuwa cha ajabu kidogo. Rada moja iliyokuwa imewashwa pembeni ilipata umeme wenye mdundo uleule na wa kompyuta, mizunguko 800 kwa sekunde, lakini midundo hiyo miwili haikuanza pamoja. Ni kama ngoma mbili zinazopigwa kwa kasi moja, ila mpigaji mmoja alichelewa kuanza. Kompyuta ikaona mabadiliko ya uongo kutoka kwa rada hiyo maelfu ya mara kwa sekunde, na kuyahesabu kulikula takriban asilimia 15 ya muda wake.

Kompyuta ya kawaida ingeganda. Hii haikuganda, kwa sababu kuna watu walikuwa wamejiuliza mapema: ikilemewa, itafanya nini? Hal Laning wa MIT alikuwa amebuni mpangaji wa kazi anayefuata vipaumbele, na timu ya programu iliyoongozwa na Margaret Hamilton ilijenga juu yake. Ikilemewa, kompyuta ilijiwasha upya yenyewe kwa kufumba na kufumbua, ikatupa kazi zisizo za lazima, ikaendelea na zile za kutua kutoka pale zilipofikia. Kule Houston vijana wawili, Jack Garman na Steve Bales, walikuwa washazisoma namba hizo kabla ya safari, kwa hivyo walijua kwamba onyo hilo lisipofululiza wanaweza kuendelea. Wakaendelea.

Weka hii akilini: hiyo ilikuwa zima-uwashe, lakini ya mtu aliyefikiria kabla. Swali la "kwa nini" liliulizwa chini, duniani, kabla injini haijawashwa.

1986: bonyeza P uendelee

Tuhame mwezini twende Tyler, Texas. Hapo kulikuwa na mashine ya mionzi inayoitwa Therac-25, iliyotengenezwa na AECL, kampuni ya serikali ya Kanada. Mashine zilizoitangulia zilikuwa na vizuizi vya chuma na waya: ukikosea, mwali hautoki. Kwenye Therac-25 vizuizi vingi vikaondolewa, kazi ikaachiwa programu. Na programu hiyo ilikuwa inakimbia juu ya kimfumo cha muda halisi walichojiandikia wenyewe, ambamo nyuzi zilisoma na kuandika kumbukumbu ileile bila ufunguo wowote ukutani.

Mhudumu mzoefu aliandika aina ya matibabu, akaona amekosea herufi, akarudi kurekebisha haraka. Sumaku za mashine zilihitaji sekunde kama 8 kujipanga. Akimaliza kurekebisha ndani ya sekunde hizo, uzi mmoja ulijua maagizo mapya, mwingine bado ulikuwa na ya zamani. Skrini ikaonyesha mambo yako sawa. Mgonjwa akapigwa dozi kubwa mara nyingi kupita aliyopaswa kupata.

Mashine ikatoa ujumbe: Hitilafu ya 54. Hakuna maelezo mengine. Na wahudumu walikuwa wameshazoea kwamba mashine hii inalialia ovyo kila siku, ukibonyeza herufi P inaendelea na kazi. P ndiyo ilikuwa zima-uwashe yao.

Kati ya 1985 na 1987 watu sita, Marekani na Kanada, walipigwa dozi hizo. Hospitali zilipouliza, kampuni ilikuwa ikisema haiwezekani mashine hiyo kumzidishia mtu mionzi. Aliyevunja ukuta huo ni mwanafizikia wa hospitali ya Tyler, pamoja na yule mhudumu. Walikaa mbele ya mashine wakiandika na kufuta, kuandika na kufuta, mpaka wakajua ni kasi gani ya vidole inayoleta Hitilafu ya 54. Hawakuwa wahandisi wa programu. Walikataa tu kubonyeza P na kusahau. Lakini wagonjwa wawili hapo Tyler walifariki kwa majeraha hayo.

Fikiria hilo kidogo. Mashine ilikuwa sawa ukiwa mpole, na inaua ukiwa hodari wa kuandika. Ukiijaribu polepole mara elfu, utaapa haina kasoro.

1991: saa iliyochelewa theluthi moja ya sekunde

Hapa tusimame kwanza, kwa sababu kisa hiki ni cha saa, na sisi Waswahili tuna somo la saa ambalo wengi hawana.

Mgeni akifika Mombasa anashangaa kwa nini saa yake inasema saba na sisi tunasema saa moja. Jibu ni rahisi: tunaanza kuhesabu jua likichomoza. Hakuna aliyekosea. Saa yoyote ile ni hesabu tu inayoanzia mahali fulani. Usipojua inaanzia wapi na inahesabu kwa hatua gani, hujui ni saa ngapi.

Kompyuta ya mfumo wa Patriot, ule wa Marekani wa kudungua makombora, ilianza kuhesabu pale inapowashwa. Ilihesabu kwa hatua za sehemu moja ya kumi ya sekunde, kisha ikazidisha kwa moja ya kumi kupata sekunde. Hadi hapo poa.

Tatizo ni kwamba kompyuta inatumia namba za mbili, sifuri na moja. Unajua vile theluthi moja haiandikiki ikaisha kwa namba zetu? 0.3333, unaenda mpaka uzee. Kwa namba za mbili, moja ya kumi ndiyo ina ugonjwa huo. Patriot ilikuwa na biti 24 za kuihifadhi, kwa hivyo mkia ukakatwa. Kilichokatwa ni takriban 0.000000095. Nani atajali?

Piga hesabu na mimi. Saa 100 zina sekunde 360,000, yaani hatua 3,600,000 za moja ya kumi. Zidisha mara 0.000000095. Unapata sekunde 0.34.

Theluthi moja ya sekunde. Lakini kombora la Scud lilikuwa linakwenda zaidi ya kilomita moja na nusu kwa sekunde. Katika theluthi hiyo lishasogea zaidi ya nusu kilomita. Rada inalitafuta angani mahali ambapo halipo, inaona hewa tupu, inaamua hapakuwa na kitu.

Na kuna jambo linalouma zaidi. Programu ilikuwa imeboreshwa njiani ili iweze kukabili makombora ya kasi, na sehemu kadhaa zikapewa hesabu sahihi zaidi ya muda. Si zote. Kama saa zote zingekosea sawasawa, tofauti kati ya usomaji mmoja na mwingine isingeharibika sana. Walirekebisha nusu, nusu ikabaki, na zile mbili zikaanza kupishana. Wanaoandika programu mniambie kama hamjawahi kuona kitu kama hicho.

Tarehe 25 Februari 1991, kule Dhahran, Saudi Arabia, betri moja ya Patriot ilikuwa imewashwa mfululizo kwa zaidi ya saa 100. Scud ikaja. Patriot haikurusha kitu. Kombora likaangukia kambi ya wanajeshi wa Marekani, 28 wakafa.

Sasa angalia tarehe. Waisraeli, ambao nao walikuwa na Patriot, walikuwa wametoa taarifa tarehe 11 Februari kwamba mashine ikikaa saa 8 imewashwa, inaanza kupoteza shabaha. Tarehe 16 programu iliyorekebishwa ikatolewa. Tarehe 21 vikosi vikatumiwa ujumbe kwamba mfumo usiachwe umewashwa kwa muda mrefu sana. Muda mrefu sana ni upi? Ujumbe haukusema. Programu mpya ikafika Dhahran tarehe 26.

Siku moja baadaye.

Na mfumo ule ulichukua kama dakika moja hadi moja na nusu kuzima na kuwasha. Ukiwashwa upya, saa inarudi sifuri na kosa linarudi sifuri. Zima-uwashe ambayo sisi tunaifanyia dekoda ingewaokoa watu 28. Lakini hakuna aliyewapa namba. Mtu alijua tatizo, mtu mwingine akaandika dawa, na yule anayeketi mbele ya mashine akaambiwa maneno yasiyo na kipimo. Mfumo huo ulikuwa umebuniwa uhamishwe mara kwa mara na ufanye kazi saa chache tu mahali pamoja. Vita vikaubadilisha matumizi, saa ikabaki ileile.

1997: mkokoteni uliozuia ambulensi

Tupande tena juu, safari hii Mars. Tarehe 4 Julai 1997, chombo cha NASA kiitwacho Pathfinder kilitua kikiwa na kigari kidogo, Sojourner. Dunia nzima ilishangilia. Siku chache baadaye kompyuta ya chombo ikaanza kujiwasha upya yenyewe, na kila ikifanya hivyo inapoteza data na muda wa kazi.

Kompyuta hiyo ilitumia mfumo endeshi wa muda halisi uitwao VxWorks. Kilichotokea kinaitwa kupinduka kwa vipaumbele, na nitakieleza kwa barabara zetu.

Kuna daraja jembamba la njia moja. Mkokoteni uko juu ya daraja. Ambulensi inafika, inangoja mkokoteni utoke. Hiyo ni sawa, ni sekunde chache. Lakini mbele ya daraja kuna polisi, na sheria yake ni kwamba matatu hupita kabla ya mkokoteni. Zinakuja matatu, moja, tano, kumi. Mkokoteni unazuiwa palepale darajani upishe matatu. Ambulensi iko nyuma ya mkokoteni. Yaani matatu, ambazo ni za chini ya ambulensi, zimeizuia ambulensi, na hakuna hata mmoja aliyevunja sheria.

Kule Mars mkokoteni ulikuwa uzi wa kukusanya data ya hali ya hewa. Ambulensi ilikuwa uzi wa kusambaza data kwenye waya mkuu. Matatu zilikuwa kazi za katikati, kama mawasiliano. Uzi wa hali ya hewa ulishika kufuli, ukasukumwa pembeni na kazi za katikati, na uzi wa waya mkuu ukachelewa kumaliza zamu yake. Mlinzi ndani ya programu akaona zamu haijakamilika, akaamua kuna jambo baya, akawasha upya kila kitu.

Unaona? Zima-uwashe ililinda chombo kisife. Lakini bila swali la pili, ingeendelea kujiwasha mpaka betri iishe.

Timu ya programu pale JPL, iliyoongozwa na Glenn Reeves, ilichukua nakala ya chombo iliyobaki duniani, ikaiendesha kwa kazi zilezile mpaka nayo ikaanguka. Wakasoma kumbukumbu za matukio. Wakapata daraja na mkokoteni.

Dawa? Mpe mkokoteni king'ora. Ukiwa juu ya daraja na ambulensi iko nyuma, uazime cheo cha ambulensi, matatu zote zisimame, utoke. Ukishatoka, king'ora kinarudishwa. Hiyo inaitwa kurithi kipaumbele. Na hapa ndipo utashika kichwa: Lui Sha, Ragunathan Rajkumar na John Lehoczky walikuwa wameichapisha kwa ukamilifu mwaka 1990. Shida yenyewe ilikuwa imeelezwa mapema zaidi, mwaka 1980, na Butler Lampson na David Redell. Na VxWorks ilikuwa nayo ndani! Ilikuwa tu swichi, imezimwa, kwa sababu kuiwasha kunaongeza kazi kidogo.

Wakatuma mabadiliko hayo Mars, mahali ambapo ishara ilichukua zaidi ya dakika 10 kufika. Tatizo likaisha.

Na dalili yake ilikuwa imeonekana kabla ya safari. Waliona kompyuta ikijiwasha upya kwenye majaribio, wakajaribu kuirudia, ikakataa, na kutua salama ndiko kulikokuwa kukiwasumbua zaidi wakati huo. Sitawalaumu. Kinachonigusa ni kwamba walikuwa wameacha vyombo vya uchunguzi ndani ya programu, hawakuviondoa ili kupunguza uzito. Hivyo ndivyo walivyoweza kuuliza swali lao kutoka sayari nyingine.

Sekunde moja ya ziada, na ndege zetu

Mwaka 2012 ukaleta kisa cha saa tena. Dunia haizunguki sawasawa na saa za atomu, kwa hivyo mara mojamoja wataalamu huongeza sekunde moja. Ya mwaka huo iliongezwa usiku wa Juni 30. Kwetu ilikuwa Jumapili, Julai 1, saa tisa kamili usiku ilipokuwa inakaribia. Kiini cha Linux kikaweka sekunde hiyo lakini saa yake ya ndani ya vipima muda haikuambiwa. Tofauti ya sekunde moja. Nyuzi zilizoomba "niamshe baada ya nusu sekunde" zikaamshwa papo hapo, zikaomba tena, zikaamshwa tena, prosesa zikachemka. Reddit ikaanguka. Abiria wa Qantas kule Australia wakakwama kwenye kaunta. Mafundi wengi walizima na kuwasha seva, na wengine wakagundua kwamba ukiiambia tu kompyuta tarehe upya inatulia.

Mwaka 2015 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ikatoa agizo kuhusu Boeing 787: mitambo inayosimamia majenereta yake, ikiachwa na umeme mfululizo kwa siku 248, hesabu ya ndani inafurika na ndege inaweza kupoteza umeme huo. Chukua 2,147,483,647, namba kubwa kabisa ya biti 31, ihesabu kama sehemu za mia za sekunde. Unapata siku 248 na nusu. Dawa ya muda ilikuwa nini? Agizo rasmi, kwenye karatasi yenye muhuri: zima, washa. Kenya Airways imekuwa ikirusha 787 tangu 2014, kwa hivyo hii si stori ya watu wa mbali.

Lakini linganisha na Dhahran. Safari hii kosa lilipatikana kwenye maabara, namba ikatajwa, na kila fundi akajua ni siku ngapi. Hiyo ndiyo zima-uwashe yenye adabu.

Miaka 20 ya kurekebisha kiini kimoja

Linux ndiyo iko kwenye seva nyingi za dunia na ndani ya Android. Kwa muda mrefu haikuwa ya muda halisi. Kiini chake cha zamani kwenye kompyuta za kawaida kilipiga tiki mara 100 kwa sekunde. Ukiomba usingizi wa milisekunde moja, unangoja tiki. Na kikiwa katikati ya kazi yake nyeti hakikukubali kukatizwa hata ambulensi ikipiga honi.

Kuanzia karibu 2004, kikundi cha akina Ingo Molnár na Thomas Gleixner kilianza kukibadilisha kipande kwa kipande. Mwaka 2006 vikaingia vipima muda vya usahihi mkubwa, vinavyohesabu kwa nanosekunde. Mwaka huohuo ikaingia njia ya programu za kawaida kutumia kufuli zenye kurithi kipaumbele, kile king'ora cha mkokoteni. Kilichobaki kikachukua miaka na miaka. Septemba 2024, Linus Torvalds akapokea kipande cha mwisho, na toleo la 6.12 likatoka Novemba hiyo.

Unajua kizuizi cha mwisho kilikuwa nini? Ile sehemu ya kiini inayochapisha ujumbe wa makosa. Sehemu inayopiga kelele kwamba kuna shida, yenyewe ilikuwa inawachelewesha wengine wakati wa kupiga kelele. Kuinyamazisha kungekuwa rahisi. Wakachagua kuijenga upya ili iseme bila kuzuia mtu. Nadhani hilo ndilo jambo la busara zaidi katika stori hii yote.

Jumanne ambayo swichi haitasaidia

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa nyuzi na saa una ubaya wake: hauonekani kila siku. Unatokea mara moja, ukiugeukia umefunga. Ndiyo maana mtu anayesema "mimi niliona kitu" huonekana msumbufu, na anayesema "zima uwashe" huonekana fundi. Lakini pita tena kwenye visa hivi. Waisraeli waliona. Mwanafizikia wa Tyler aliona. JPL waliona kabla ya kuruka. Dawa karibu kila mara ilikuwepo ama ilikuwa njiani. Kilichokosekana ni mwendo kati ya anayeona na anayeweza kurekebisha.

Kwa hivyo ushauri wangu kwa vijana wenzangu mnaoandika programu, hata kama ni ya duka la mama mboga: ikiganda, iwashe, wateja wanangoja. Lakini kabla hujaiwasha andika ilikuwa imekaa saa ngapi, ilikuwa inafanya nini, nani alibonyeza nini. Na ukimpa mtu onyo, mpe namba. "Muda mrefu sana" si namba.

Kuna siku inakuja. Kompyuta nyingi huhesabu sekunde kuanzia Januari 1, 1970, na zile za zamani zina nafasi ya kufika 2,147,483,647 tu. Zitajaa Jumanne, Januari 19, 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa za Nairobi. Sekunde inayofuata, mashine isiyorekebishwa itaamini ni Desemba 1901, mwezi ambao reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu. Simu na seva za kisasa zimeshatibiwa, na tangu 2020 Linux inaweza kuvuka siku hiyo hata kwenye mashine za biti 32. Wasiwasi ni vile vifaa vidogo vya zamani vilivyofichwa kwenye kuta na mitambo, ambavyo hakuna anayekumbuka vipo.

Ukizima kifaa kama hicho asubuhi hiyo na kukiwasha tena, hakitaanza sifuri kama Patriot. Kitasoma tarehe, kitahesabu kutoka 1970, kitajaa tena. Tuna miaka ya kutosha ya kuvitafuta. Kazini kwako, nani anajua vilipo?